Kituo Kabla ya Nyumbani

Mwaka mzima tangu Vidole afariki, Fundi hakukanyaga kinanda. Cherehani alikanyaga, maana watu hawaachi kuchana suruali eti kwa sababu mtu fulani amefiwa na rafiki yake. Ila kinanda cha kanisani kilifunikwa shuka la maua alilolishona yeye mwenyewe, na kila Jumapili alikaa benchi la tatu kutoka nyuma, mikono mapajani, miguu ikimwasha kwa kukosa kazi.

Ilipobaki wiki moja kufika ibada ya kumkumbuka marehemu, Mchungaji alimfuata kwenye chumba chake cha kushonea, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akampa shughuli iliyomkosesha raha. Binti wa marehemu angesoma tarehe zote, za kuzaliwa, za shule na za kazi. Yeye Fundi asimame, aeleze jinsi rafiki yake alivyoishi, na kabla hajakaa awaambie waumini jambo moja ambalo kila mtu alikuwa akiliuliza: kile kituo kilitoka wapi. Fundi akajibu kwamba sawa, atasema. Mchungaji alipoondoka tu, akashona zipu ya watu juu chini.

Kituo chenyewe lazima tukieleze, la sivyo tutabaki kama wageni wa Jumapili. Ibada ikiisha kanisani humo huimbwa wimbo wa kuagana, na mstari wake wa tatu husema, "Utulinde njiani, utufikishe nyumbani." Kitabuni mstari huo unakwenda moja kwa moja. Lakini waumini hao wakifika kwenye "utufikishe" hunyamaza wote, pu, muda wa pumzi mbili nzima, kisha ndipo wanaliachia "nyumbani" kwa sauti moja hadi madirisha yanatetemeka. Asiyejua huingia mkenge. Hakuna mwezi uliopita bila mgeni kusikika akiimba "nyumbani" peke yake, halafu akajifanya anakohoa.

Kituo hicho kilikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, na katika muda huo kilishapewa maana chungu nzima. Mchungaji wa zamani alikihubiri nusu saa, akasema kinatukumbusha kwamba hakuna ajuaye saa ya kuitwa. Mchungaji wa sasa alikihubiri mara mbili, na mara ya pili alilia. Maana zilitofautiana, ila jambo moja halikuwa na ubishi: aliyekiweka ni Vidole, kwa ufunuo, maana alikuwa mwanamuziki na mtu wa maombi.

Aliyeleta fujo ni Mwalimu. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mfundishaji wa hesabu, aliyehamia mtaani miezi mitatu baada ya maziko na kupewa kwaya kwa kuwa alijua kusoma nota. Mazoezi ya kwanza tu aliuliza kituo kiko ukurasa gani. Watu wakatazamana. Fundi alijitahidi sana kumwona mbaya, akashindwa. Mwalimu aliwahi, hakumfokea mtu, na waimbaji wa sauti ya tatu, ambao kwa miaka walikuwa wakiimba chochote kinachowajia, sasa walikuwa wanaimba sauti ya tatu. Alitaka tu kitu kikae mahali pake. Mchungaji ndipo alipokata shauri: kama Vidole alikiweka kituo kwa makusudi, kitabaki kwa heshima yake. Kama kilijipenyeza tu, basi kuanzia siku ya kumbukumbu kanisa litaimba kama kitabu kilivyo. Na shahidi alikuwa mmoja, yule aliyekaa na marehemu benchi moja miaka yote.

Shahidi alijua. Hakukuwa na ufunuo wowote. Kulikuwa na kiatu.

Wawili hawa walifahamiana kwa sababu ya sketi. Vidole alikuwa mpiga taipu kwenye ofisi ya mizigo, na jina lenyewe alilipata huko, kwa sababu mkubwa wake alikuwa hajamaliza kusema sentensi, tayari iko kwenye karatasi, tena mara nyingine imetoka nzuri kuliko aliyoisema. Lakini mguu wake wa kushoto ulikuwa umedhoofu kwa maradhi tangu ana miaka minne. Ulikuwa mwembamba, mfupi kidogo, na nyonga ya upande huo ilikaa chini. Mafundi wawili walishampima kiunoni kama wanavyompima kila mtu, na sketi zote mbili zilining'inia upande. Akamjia huyu wa tatu, binti wa miaka ishirini na minne aliyekuwa ndiyo kwanza amefungua chumba chake.

Fundi alimwambia asimame anavyosimama siku zote, asijinyooshe kwa ajili ya mtu. Kisha akapiga magoti na kumpima kutoka chini. Aliweka rula sakafuni, akamzunguka, akatia alama ya chaki kimo kilekile mzingo mzima. Sketi ikiwa mezani ilionekana imelewa. Ilipovaliwa, pindo lilikaa sawa kama maji kwenye beseni. Vidole alijitazama kwenye kioo muda mrefu, kisha akauliza, "Mdogo wangu, Jumapili huwa unafanya nini?"

Kumbe alipokuwa anasubiri alikuwa ameikazia macho miguu ya Fundi kwenye kikanyagio cha cherehani. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anapiga kinanda cha kanisani, kile cha zamani kinachotaka pumzi ya miguu. Kwa kuwa alikanyaga kwa mguu mmoja, sauti ilikuwa inapanda na kufifia, inapanda na kufifia, na waumini nao wakaimba hivyohivyo. Fundi alijitetea kwamba yeye si mtu wa kanisani sana. Vidole akamjibu kwa uso mkavu kwamba hakuulizwa habari za imani, ameulizwa habari za miguu.

Ndivyo ilivyoanza. Seremala wa kanisa alirefusha benchi. Vidole akakaa kushoto, miguu yake ameigeuzia pembeni, Fundi akakaa kulia na kunyoosha yake hadi kwenye vikanyagio. Watoto wa mtaani wakamwita Fundi "Miguu ya Vidole," naye akajitia hamnazo mbele yao, ila akifika nyumbani anacheka peke yake. Baada ya mwezi mmoja Fundi alikuwa anajua, bila kuambiwa, mahali ambapo rafiki yake atataka pumzi nyingi na mahali ambapo ataridhika na kidogo. Hakuna aliyemfundisha. Alijua kwa bega, kwa sababu mabega yao yalikuwa yanagusana.

Tatizo lilikuwa viatu. Fundi wakati ule alikuwa na kandambili tu, na kandambili kwenye vikanyagio zilipiga makofi wakati wa sala. Vidole alikuwa na jibu tayari kabatini. Kwa kuwa mguu wake wa kushoto ulikuwa mdogo kuliko wa kulia, kila alipohitaji viatu alilazimika kuchukua jozi mbili za namna moja, ndogo na kubwa, akavaa cha kushoto cha jozi ndogo na cha kulia cha jozi kubwa. Vilivyobaki vilikuwa vinakaa tu kwenye boksi, vipya, havina mwenyewe. Akampa Fundi. Kwa hiyo Fundi naye akawa anavaa kimoja cha kila jozi: kulia kinabana, kushoto kinapwaya. Kile cha kushoto alikijaza vitambaa vilivyobaki kwenye kazi. Walipeana viatu hivyo nyuma ya kinanda kabla watu hawajafika, na mtu yeyote hakujua, kwa sababu Fundi aliona haya. Msichana mwenye chumba chake cha kazi, anavaa mabaki ya viatu vya mtu! Vidole aliahidi kwamba kwake siri hiyo haitatoka.

Jumapili moja mvua ilinyesha, vitambaa vikalowa, na Fundi akavitoa. Alifika salama hadi wimbo wa kuagana. Kwenye mstari wa tatu kiatu cha kushoto kikachomoka, kikaingia chini ya kikanyagio, kikanyagio kikagoma. Kinanda kikakata roho katikati ya mstari, na waumini wakabaki na "utufikishe" mdomoni. Vidole hakupepesa macho. Aliinua mikono juu, vidole vimetanda hewani, akatazama mbele kama mtu aliyeyapanga yote hayo tangu Jumatatu. Fundi akainama, akakichomoa kiatu, akatia mguu, akakanyaga kwa nguvu zote za hofu yake. Mikono ikashuka. "Nyumbani."

Bibi mmoja alilia. Ibada ilipokwisha, mchungaji wa wakati huo alikuja kumshika Vidole mkono, akasema hajawahi kulisikia neno lile namna ile. Vidole akasema, "Asante, mchungaji," na hakuongeza hata herufi. Nyuma yake Fundi alikuwa amejiuma mdomo, hajui acheke au azimie.

Walidhani yameishia hapo. Jumapili iliyofuata Vidole alikwenda moja kwa moja kama kitabu kilivyo, na kanisa zima likanyamaza bila kuambiwa, wakamwacha anapiga "nyumbani" peke yake. Jumapili ya tatu akasalimu amri. Alinyamaza pamoja nao, akainama kidogo kumwelekea mwenzake, akanong'ona, "Kiatu kipo?"

"Kipo," Fundi akajibu, akakanyaga.

Tangu siku hiyo hakuna Jumapili Vidole aliyoacha kuuliza, isipokuwa moja. Mengine yalibadilika. Fundi alipata wateja wengi na angeweza kuvaa viatu vyovyote anavyotaka, lakini aliendelea na mabaki ya kabatini, sasa kwa kupenda, na kila jozi mpya ya Vidole ilikuwa jozi mbili zao wote. Baada ya ibada walikunywa chai katika chumba cha kushonea na kucheza karata, na Vidole, huyu mtu wa maombi, alikuwa mwizi wa karata asiye na aibu. Akikamatwa alisema Mungu anajua moyo wake. Kuimba hakuweza kabisa. Sauti yake ilikuwa bawaba iliyokosa mafuta, na alikuwa anaijua, na ndiyo maana alipiga kinanda kwa bidii ile.

Maombi yake yalikuwa mafupi, kama barua za ofisini. Alisema anachotaka, akashukuru mapema, akafunga. Fundi alimzoea hivyo hadi mwaka ambao mume wa Vidole alifariki. Alizikwa Alhamisi, na Jumapili asubuhi Vidole huyo, anapanda ngazi za kanisa taratibu, kitabu mkononi. Fundi alimuuliza amewezaje.

"Sijaja kwa sababu nina imani leo," Vidole alisema. "Nimekuja kwa sababu ni Jumapili. Imani itanikuta hapohapo kwenye benchi."

Siku hiyo kituo kilipofika hakuuliza kitu. Alikaa mikono juu, imeganda, na pumzi mbili zikawa nne. Ndipo Fundi aliponong'ona mwenyewe, "Kipo, dada," na mikono ikashuka. Kama kuna siku ambayo Fundi naye alianza kuamini, labda ni hiyo, ingawa hakuitambua wakati ule. Miaka mingine ilipita kabla hajaomba kubatizwa, na Vidole alipoambiwa alisema tu kwamba miguu yake ilishatangulia zamani.

Mwishoni moyo wa Vidole ulichoka. Alilazwa wiki mbili, na vidole havikutulia, vilikuwa vinatembea juu ya shuka. Fundi alikaa pembeni ya kitanda, na bila kujijua alikuwa anakanyaga sakafu. Siku moja alimuuliza, "Dada, wakija kuniuliza habari ya kituo, nisemeje?" Vidole alitabasamu kwa muda. "Mwenye kiatu ni wewe," alisema. "Mimi nilikutunzia tu."

Basi sasa walikuwa wamekuja kumuuliza.

Wiki ile Fundi alipindua neno moja kichwani usiku na mchana. Angeweza kusema, "Alikiweka kwa maombi." Hakuna ambaye angempinga. Kila mtu alikuwa ameshaamini hivyo, na aliyejua ukweli alikuwa kaburini. Na alikitaka kituo kibaki, alikitaka kwa moyo wote, kwa sababu ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Mwaka mzima huu, hata alipokuwa amekaa kule nyuma, hata kinanda kikiwa chini ya shuka, zile pumzi mbili ndipo pekee alipokuwa bado anasikia swali. Siku za wiki hakulisikia. Kaburini hakulisikia. Kituo kikiondolewa, Vidole angenyamaza kabisa, na jambo hilo lilimtisha Fundi kuliko maziko yenyewe.

Jumamosi mchana alipita kanisani kupeleka mashuka ya meza. Mwalimu alikuwa amekifunua kinanda cha zamani, akifanya mazoezi ya kesho, kwa maana walikubaliana kitumike siku hiyo kwa heshima ya marehemu. Alikuwa anapiga na kukanyaga mwenyewe, miguu miwili mizima, vizuri kabisa. Wimbo wa kuagana ulipita bila kituo, laini, hauna kikwazo, na Fundi, amesimama mlangoni na mashuka yake, hakuweza kusema ulikuwa mbaya. Aliyaacha mashuka kwenye benchi, akaondoka.

Jumapili alivaa gauni la bluu na viatu vya mwisho alivyorithi kabatini, kulia kinabana, kushoto kinapwaya. Kanisa lilijaa. Binti wa marehemu alisoma tarehe zake vizuri. Fundi akaitwa, akasimama, akaeleza habari ya sketi, watu wakacheka. Akaeleza wizi wa karata, wakacheka zaidi. Akaeleza Jumapili ile baada ya Alhamisi, wakanyamaza. Kisha akafika mahali pa uongo wake. Alikuwa ameuandaa, ulikuwa umekaa mdomoni tayari.

Akatazama chini, akaviona viatu. Akawaza kwamba akisema alichokiandaa, atakuwa amewapa watu hawa mtakatifu wa ukutani, na amewanyima mwanamke aliyemgawia nusu ya kila jozi na kulinda haya ya msichana wa kandambili kwa miaka thelathini bila kusema uongo hata mmoja. "Asante, mchungaji" haikuwa uongo. Akapiga moyo konde.

"Kituo hakikutoka mbinguni," alisema. "Kilitoka mguuni kwangu."

Akawasimulia yote, mvua, vitambaa, kiatu chini ya kikanyagio, na swali ambalo Vidole alimnong'oneza Jumapili baada ya Jumapili. Akainua mguu wa kushoto mbele ya kanisa zima, akautikisa, kiatu kikacheza. Kwanza watu hawakujua kama inaruhusiwa kucheka. Aliyeanza ni Mchungaji, aliyekihubiri kituo mara mbili, alicheka hadi akavua miwani na kuifuta. Kanisa likamfuata, wengine huku wanalia. Fundi alingoja watulie. Kisha akasema kwamba ndiyo hivyo, kilijipenyeza tu, Mwalimu yuko sahihi, turudi kwenye kitabu. Alilisema kwa sauti kavu, na akajivunia hilo, kwa sababu ndani alikuwa anaona kama amemzika mtu mara ya pili.

Alipokuwa anarudi nyuma kwenye benchi lake, Mwalimu alimwita. Alikuwa amesogea upande wa kushoto wa benchi la kinanda.

"Mama, njoo unisaidie," alisema. "Kupiga na kukanyaga kwa pamoja kunanishinda."

Fundi alijua kwamba hakumshindi. Alimsikia jana kwa masikio yake. Lakini miguu haikungoja ushauri wake. Alikaa kulia, akanyoosha, akakanyaga, na kinanda kikavuta pumzi. Bega la Mwalimu lilikuwa gumu kidogo, bega la mtu mwingine.

Wimbo ukaanza. Mstari wa kwanza, wa pili. Fundi akatambua kwamba kituo kiko chini ya nyayo zake. Akiacha kukanyaga, sauti itakufa yenyewe, na hakuna atakayemlaumu mwanamke wa viatu vinavyopwaya. Hakuacha. Alitoa neno lake mbele ya watu. Alikanyaga kwa nguvu, akampa Mwalimu pumzi tele ya kupitia mpaka mwisho.

"Utulinde njiani, utufikishe..."

Mikono ya Mwalimu ikainuka. Ilikaa hewani, vidole vimetanda, na kanisa lote likanyamaza naye. Fundi alitazama vikanyagio, hakuthubutu kutazama kwingine. Pumzi ya kwanza ikapita. Ndipo bega lile gumu lilipolegea na kumwinamia.

"Kiatu kipo?" Mwalimu akanong'ona.

Fundi alihisi machozi yanafika, akayaacha yafike.

"Kipo, dada," akajibu, akakanyaga.